Magauni ya Shangazi Yalipoanza Kumkaa

Ukitaka kuwajua watu wa mtaa, usiwaulize majirani. Muulize dobi. Dobi anajua nani anakula kwa pupa akiwa amevaa tai, nani anatokwa jasho kwa hofu, na nani aliyeaga anakwenda kazini kumbe alilala kwenye majani. Dobi wa hadithi hii aliyajua yote hayo na hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kila mtu alimwita Dobi, hata mumewe.

Walifanya kazi watu watatu katika chumba kimoja kirefu. Karibu na mlango aliketi mumewe, fundi cherehani, akishona vifungo na kuziba nguo zilizochanika. Katikati palikuwa na meza ya pasi, na hapo alitawala mama yake Dobi. Nyuma kabisa, penye makaro mawili ya saruji, Dobi alifua. Mlango wa nyuma ulifungukia uani, kwenye kamba sita za kuanikia.

Sifa yake kubwa ilikuwa kola. Kola ya shati jeupe ikishika uchafu wa shingo, madobi wengi hukata tamaa. Yeye aliipaka sabuni, akailoweka, akaitia dawa ya kung'arisha, akaisugua, na kola ikatoka nyeupe pepepe. Alikuwa akisema hakuna doa linalomshinda. Hayakuwa majivuno, maana ilikuwa kweli.

Sasa tulieleze sanduku, kwa sababu bila sanduku hadithi hii haina miguu.

Dobi alipewa jina la shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Shangazi huyo naye alikuwa dobi, kwenye makaro hayohayo. Alifariki akiwa na miaka arobaini na sita, wakati Dobi ana miaka tisa. Aliacha magauni saba. Katika ukoo wao, mtoto aliyerithi jina hurithi na nguo, na nguo hizo zina sharti. Hazipunguzwi wala haziongezwi. Zinasubiriwa. Kila mwaka kiangazi kilipoanza, mama yake Dobi alilifungua sanduku, akayaanika magauni juani, kisha akamjaribisha binti yake. Alianza na lile la ujana wa shangazi, akaenda akipanda. Likimkaa, ni lake.

La kwanza lilimkaa akiwa na miaka ishirini na mbili. Familia ilifurahi, wakapiga picha. La pili na la tatu yalifuata. Mwaka huu mambo yalikwenda mbio. La nne lilimkaa, na la tano likamkaa siku hiyohiyo, kiunoni halikuacha hata nafasi ya kidole.

Mumewe hakupenda. Fundi cherehani haangalii mtu, anaangalia vipimo. "Mabega yako ni yaleyale ya siku ya harusi," alimwambia. "Mikono ni ileile. Kinachoongezeka ni kiuno peke yake. Mimi nguo ya namna hii sijawahi kushona."

"Anamfuata somo wake," alisema mama, akilifunga sanduku. "Yamebaki mawili."

Dobi alijua hayo mawili ni yapi. Gauni la sita shangazi alilivaa akiwa haoni vizuri. La saba alilivaa akiwa na mguu mmoja.

Shangazi alikufa kwa nini? Ukiwauliza wakubwa, watakuambia aliitwa. Kuna mtu wa kwao, wa zamani, mwanamke wa jina hilohilo, aliyemwita. Kwanza akamtia alama. Kisha akamtia usingizi, halafu kiu, halafu giza la macho. Hadithi hiyo Dobi aliisikia tangu utotoni, na haikumtisha, kwa sababu ilikuwa ya mtu mwingine.

Ilianza kumtisha alasiri moja, jua likiwa mgongoni kwake. Alikuwa uani, amevaa lile gauni la tano, anaanika mashuka. Kwenye shuka, kana kwamba upande wa pili, akaona kivuli cha mwanamke mnene wa kiuno, kichwa kimeinama, anatembea polepole. Akasimama. Kivuli kikasimama. Alijua ni kivuli chake mwenyewe, mtu mzima hawezi kukosa kulijua hilo. Hata hivyo alibaki na vibanio mdomoni kwa muda mrefu, hakuthubutu kulisogeza shuka.

Wakati huohuo akaingia mwalimu mstaafu, mteja tangu enzi za shangazi, kuchukua mashati yake. Alifika mlango wa uani, akamtazama Dobi, uso ukamlegea. Akamsalimia kwa upole sana, kisha akauliza, "Na macho yako? Yamepona?"

Macho ya Dobi hayakuwa na tatizo lolote. Mzee aligundua kosa lake, akaomba radhi, akasema jua limemchanganya. Alichukua mashati bila kuyahesabu. Baada ya siku ile alikuwa akimtuma mjukuu wake.

Mama alisikia yote kutoka kwenye meza ya pasi. Tangu siku hiyo, Dobi alipolala mchana, na siku hizo alikuwa akilala kila baada ya kula, usingizi mzito wa kuangusha kichwa mezani, akiamka alimkuta mama yake amesimama kando yake, anamtazama. Akimuuliza kuna nini, mama alijibu hakuna kitu, amalize kulala.

Doa aliliona wiki hiyo. Mumewe alikuwa anampima shingo kwa ajili ya blauzi, mara akaacha futikamba ikining'inia. Nyuma ya shingo palikuwa na utepe mweusi, mpana kama vidole viwili, ngozi imekuwa nene na laini kama mahameli. Kwapani napo palikuwa vivyo hivyo. Mume alidhani ni uchafu, akacheka kwamba dobi amesahau kujifua. Dobi akacheka pia. Akaenda karoni, akasugua kwa sabuni. Halikutoka. Akasugua kwa dodoki mpaka pakawasha. Halikutoka.

Akaenda kuitazama picha ya shangazi iliyoning'inia ukutani. Alikuwa ameiona maisha yake yote. Siku hiyo ndiyo aliona kwamba shangazi, shingoni, alikuwa na utepe uleule.

Sasa hapa Dobi alifanya kosa ambalo mwalimu au mkulima asingelifanya. Alichukua dawa ya kung'arisha kola, ile inayotoa madoa ya miaka, akaipaka shingoni mwake. Akangoja dakika kumi, kama anavyongojea shati. Maumivu yalimpigisha magoti karoni. Kesho yake shingo ilikuwa na malengelenge, na pembeni ya malengelenge, weusi uleule ukiwa umetulia mahali pake.

Yapo mambo mengine aliyoyaficha hata kwa mumewe. Hedhi yake ilikuja ilipopenda. Mwaka huo ilikuwa imekuja mara tatu tu. Kidevuni ziliota nywele nene, akazing'oa kila asubuhi kabla mume hajaamka. Wanawake wa mtaani walimtania kwamba mwenye ndevu ana bahati. Bahati yenyewe hakuiona, kwani miaka sita ya ndoa ilikuwa imepita bila mtoto.

Mume hakutaka kusikia habari za kuitwa. Alimpeleka mkewe asubuhi, kabla hajala, kwenye duka la dawa. Walimtoboa kidole. Mashine ikaonyesha tano nukta nne. Muuzaji akasema sukari yake haina neno. Mume alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Mama alipoambiwa, aliweka pasi chini. "Niliwaambia," alisema. "Cha nyumbani hakionekani kwenye mashine."

Dobi hakula mchana huo. Aliogopa kweli. Kama angekuwa na ugonjwa, ugonjwa una dawa. Sasa mashine imesema hana ugonjwa, na doa lipo, na magauni yamebaki mawili.

Alhamisi akaja Sista. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya wanawake, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, aliyeleta sare zake nyeupe kila wiki. Aliweka mfuko mezani, akaiona shingo ya Dobi, akauliza imeunguzwa na nini. Dobi alisema dawa ya kola. Mtu mwingine angecheka. Sista alivuta kigoda, akaketi karibu na makaro, akaanza kumuuliza kwa sauti ya chini. Hedhi ikoje? Kidevu kikoje? Usingizi baada ya chakula? Kuna mtu wa damu yako aliyekuwa na kisukari? Dobi alijibu yote huku anatazama maji. La mwisho hakulijua.

"Hilo si doa, na dawa ya nguo usiipake tena," alisema Sista. "Ngozi ikigeuka hivyo shingoni na kwapani, mara nyingi mwili unakupa habari. Nina dhana, ila dhana si kipimo."

Akamweleza. Mtu akila, chakula kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini. Kazi ya insulini ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ikatumike. Lakini kuna miili inayokuwa sugu. Insulini inakuja, mwili hausikii. Basi kongosho linatoa nyingine, na nyingine tena. Insulini ikizidi inaifanya ngozi kuwa nene na nyeusi. Inazichokoza ovari zitoe homoni za kiume kuliko kawaida. Ndevu zinaota, mayai hayapevuki vizuri, hedhi inapotea. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, na wanawake wengi wanayo bila kujua. Wanene wanayo, na wembamba pia.

"Mashine haikuona kitu," mama alisema kutoka mezani. Alikuwa ameacha kupiga pasi muda mrefu.

Sista aligeuka kwa adabu. "Mama, shuka likiwa chafu sana mnafanyaje?"

"Tunaongeza sabuni."

"Na likitakata, anayelitazama kwenye kamba atajua mmemaliza sabuni kiasi gani?"

Mama aligeuka, akazitazama kamba za uani.

"Ndiyo hiyo," alisema Sista. "Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ni lile shuka kwenye kamba. Inaonekana safi kwa sababu kongosho linajiumiza kuisafisha. Siku sabuni ikiisha, kisukari kimefika. Sisi tunataka kujua kabla haijaisha. Kwa hiyo tunampa sukari ya kunywa, tunangoja saa mbili, tunatazama damu inaihimilije."

Alimwagiza Dobi aje Jumatatu. Siku tatu kabla ale kama kawaida yake, asijinyime, maana kujinyima kunaharibu kipimo. Usiku wa kuamkia kipimo, baada ya chakula, anywe maji matupu tu mpaka atakapofika.

Sista alipoondoka, mama alimwendea binti yake karoni. "Shangazi yako alikwenda huko kwenye vipimo," alisema taratibu. "Alikwenda na miguu miwili."

Maneno hayo yalimkaa Dobi kifuani siku zote tatu. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni akiwa na mkoba, miguu haitaki. Mumewe hakumsukuma. Alisema tu kwamba akirudi atapikiwa, na kama hataki kwenda atapikiwa vilevile. Akaenda.

Kliniki walimtoa damu ya kwanza. Wakampa maji matamu ya kukera koo, akayanywa yote. Wakamwambia akae kwenye benchi saa mbili, asile, asitembeetembee. Chumba kilikuwa kimya. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, hakuna aliyeirekebisha. Dobi aliinamisha kichwa. Alipokiinua, aliona shingo ya mwanamke wa mbele yake.

Utepe mweusi, mpana kama vidole viwili.

Akatazama pembeni. Msichana mwembamba aliyeshika vitabu, naye anao. Karani mwenye miwani, kitambaa kimeshuka kidogo, naye anao. Wanawake wanne, yeye mwenyewe wa nne, wote wana kola ileile. Kwa muda Dobi aliamini kwamba yule mwanamke wa zamani amewakusanya hapa, na mlango hautafunguliwa.

Yule wa mbele aligeuka. "Na wewe ulikuwa unasugua?" aliuliza.

"Kwa dawa ya nguo," alisema Dobi.

"Mimi kwa msasa," alisema karani.

Walicheka hadi muuguzi akachungulia. Dobi alicheka na machozi juu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ukoo wake. Basi huyo mwenye kuita ana ukoo mkubwa kweli, alijiambia, na kwa mara ya kwanza hofu ilipungua uzito.

Majibu alipewa na daktari. Sukari ya kabla ya kula, tano nukta tano. Sukari ya baada ya saa mbili, tisa nukta sita. Ilitakiwa iwe chini ya saba nukta nane. Ingefika kumi na moja nukta moja, wangeanza kuzungumzia kisukari chenyewe. Alikuwa katikati. Walimpima pia shinikizo la damu, mafuta kwenye damu na mzunguko wa kiuno. Siku nyingine walimpima kwa picha ya tumbo na homoni, wahakikishe si ugonjwa mwingine. Ilikuwa ni zile ovari zenye vifuko vingi, kama Sista alivyodhani.

Dobi aliuliza swali moja tu. Kama shangazi yake alikuwa na shingo hii, kisha usingizi, kiu, macho, na mguu, aliugua nini? Daktari alisema hawezi kumpima marehemu. Lakini hayo yote akiyasikia kwa pamoja, angepima kisukari kabla ya kitu kingine chochote.

"Na mimi ndiko ninakokwenda?"

"Ndiko njia inakoelekea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeuona ufa."

Hali hii, daktari alisema, huenda isiishe. Inachungwa. Arudie kipimo baada ya miezi sita, tena mwaka ukitimia, kisha kila mwaka, hata akijisikia mzima. Akipata mimba aseme mapema, apimwe tena. Hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu aje, asingoje. Akampa vidonge vya kuusaidia mwili uisikie insulini, vya kumeza pamoja na chakula.

Vidonge vilimsumbua tumbo wiki mbili za mwanzo, kisha tumbo likazoea. Chai aliinywa bila sukari, na wiki ya kwanza alinuna kama mtu aliyefiwa. Sahani ya mchana aliigawa, nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo iliyobaki chakula kizito. Baada ya kula hakulala. Alichukua nguo zilizokamilika, akazipeleka kwa wateja kwa miguu, nusu saa kwenda na kurudi. Wateja walishangaa kuletewa nguo mlangoni, wakaongezeka. Kila mwisho wa mwezi mumewe alimpima kiuno, akaandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo.

Mama hakupinga. Alifanya jambo lililo baya zaidi, alinyamaza. Mchana, Dobi alipotoka na mzigo wa nguo, alimwona mama yake dirishani anamsindikiza kwa macho, kama mtu anayemtazama mtoto akikimbia mbele ya kitu ambacho mtoto hakioni. Mara moja alimsikia akisema peke yake, mbele ya picha: "Mwache huyu."

Miezi sita ilipita. Sukari ya baada ya saa mbili ikawa saba nukta mbili. Hedhi ilikuwa imekuja mara nne. Shingo ilikuwa bado nyeusi, ila ngozi imeanza kulainika.

Kiangazi kiliporudi, mama alilifungua sanduku kama kawaida. Alilitandika gauni la sita kitandani, akatoka, akakaa sebuleni mikono mapajani. Dobi alilivaa. Vyote alivyofundishwa na Sista vilikuwa vimemtoka kichwani. Akatoka nalo.

Lilimning'inia. Mumewe alipiga futikamba kiunoni, akasema sentimita nane zimepungua tangu mwaka jana. Mama aliinuka, akaenda chumbani kwake. Walimsikia akiinua godoro. Alirudi na kadi ya kliniki, ya manjano, imekatika kwenye mikunjo. Juu palikuwa na jina la Dobi. Lakini tarehe ilikuwa ya miaka ishirini na sita iliyopita.

Ilikuwa ya shangazi. Chini ya tarehe palikuwa pameandikwa: aje bila kula, apimwe sukari. Hapakuwa na tarehe nyingine.

"Macho yake yalikuwa mazima siku hiyo," alisema mama. "Miguu miwili. Alikuwa amevaa lile gauni la tano, amefunga na kilemba, anakwenda. Mimi nilikuwa na mashuka themanini ya hoteli. Nikamwambia, wifi, kazi ni nyingi, utakwenda wiki ijayo. Akavua kilemba. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyohivyo." Aliifuta kadi kwa kiganja. "Hakuitwa na mtu, wala kwenye vipimo hakufika. Nilisema aliitwa ili nisiseme hili. Na nilipoiona shingo yako nilijua anakuja kunidai."

Dobi alipandwa na hasira, na hasira hiyo haikuisha siku moja. Miaka yote hiyo alikuwa amejaribishwa kifo mbele ya kioo, mwaka baada ya mwaka, ili mtu mzima asiseme sentensi moja. Alimwambia mama yake hivyo hivyo, bila kupunguza. Mama alikubali kwa kichwa. Jioni walikula pamoja.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kipimo cha mwaka. Asubuhi lililetwa furushi kubwa, mapazia ya ofisi nzima, yanatakiwa siku hiyohiyo. Dobi aliyatazama, akatazama saa. Kliniki ilikuwa wazi kesho pia. Akakunja mikono ya blauzi, akafungua bomba.

Mama alitoka kwenye meza ya pasi, akalifunga bomba. Akamshika binti yake mkono, mkono ambao tayari ulikuwa na maji, akaukausha kwa gauni lake mwenyewe.

"Nenda," alisema. "Mapazia nitafua mimi."